Chifu Niliyempelekea Mchina

Kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa, mwanangu, na mke wangu hapendi nikisema hivyo mbele ya wageni. Lakini ndivyo ilivyo. Ya ndoa nimesahau hata nani alikaa wapi. Ya siku hii nakumbuka mpaka harufu ya mafuta ya mashine, na kiu niliyokuwa nayo pale mlimani Kanyanda, na uzito wa jiwe ambalo mtu alinitia mkononi.

Nimekuita ukae kwa sababu nimesikia umepata kazi kwa Wachina. Wanasema Kichina umekisomea Lubumbashi, na kwamba kazi yako itakuwa kusimama kati yao na watu wa vijijini, uwasemee hawa kwa wale na wale kwa hawa. Mama yako amefurahi mpaka amechinja kuku. Mimi pia nimefurahi, usidhani nina kijicho. Ila kazi hiyo niliifanya kabla yako, bila kujua Kichina hata salamu, na niliifanya vibaya. Kaa basi. Chai inakuja.

Wakati huo nilikuwa nakaribia miaka thelathini. Kampuni kubwa ya zamani ya migodi, ile iliyomleta baba yangu kutoka kaskazini na kumpa nyumba hii ya Dilala, ilikuwa imelala chali. Shule yake, hospitali yake, unga wake wa kila mwezi, vyote vilikuwa hadithi. Wachina wakaanza kuingia. Kwanza walikuja wanunuzi wa mawe ya madini, wakafungua vibanda vyao njiani, kisha wakaja wenye mashine. Sisi vijana tuliwatazama kama watu wanavyotazama lori lililosimama njiani: kila mtu anajiuliza kama iko nafasi moja ya kupanda.

Mimi nafasi niliipata. Ilikuwa kampuni ndogo, ilishafungwa siku nyingi. Mhandisi wake aliitwa Lin, mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye daftari mfukoni ambamo aliandika kila neno la Kiswahili alilosikia kwa wafanyakazi. Alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono kama sisi, na alilalamika kwamba pilipili yetu haina ukali. Alinipenda kwa jambo moja: nilikuwa na jibu kwa kila swali. Akitafuta fundi wa matairi, najua aliko. Akitaka mbao, najua pa kuzipata. Sikuwahi kumwambia neno "sijui", hata mara moja, na nilijivunia hilo. Akaniahidi kofia nyeupe. Wewe leo huoni maana yake, lakini pale kazini kofia za njano zilikuwa za watu wote, na nyeupe ilikuwa ya wakubwa. Niliitamani mpaka nikawa naiota.

Kampuni ilikuwa na karatasi ya Kinshasa yenye mihuri yote. Hata hivyo Lin alikuwa amesikia habari za wenzake waliofungiwa barabara na wanakijiji kwa sababu walianza kuchimba bila kumsalimu mwenye ardhi. Kwa hiyo siku moja akaniita pembeni.

"Mwepu, hapa Kanyanda bulongo ni ya nani? Minataka kumuona mwenyewe. Minataka kumuuliza."

Mwenye ardhi ya Kanyanda alikuwa Mama Kafwaya, chifu mwanamke, mzee wa kutembea na fimbo. Aliishi katika nyumba ya matofali mabichi yenye baraza ndefu, njia panda ya kuelekea mashimo ya wachimbaji wadogo. Siku hizo hakuwapo. Alikuwa amekwenda kilioni upande wa Kasaji, hana simu, na watu wake walisema atarudi baada ya wiki moja au tatu, kutegemea usafiri. Mvua zilikuwa zinakaribia. Wakubwa wa Lin walimpigia simu kila asubuhi, naye akitoka kwenye simu hizo uso ulikuwa umemkunjamana.

Ningeweza kumwambia asubiri. Neno lenyewe ni fupi. Lakini niliona kofia nyeupe inanikimbia, na tena, nikiri yote, nilimwonea aibu yule mama. Sisi watoto wa nyumba za kampuni tulijiona watu wa umeme na bomba. Nilimfikiria miguu peku, kiko mdomoni, anamwambia Mchina maneno ya mizimu, nikajiambia: huyu ataniharibia. Basi nikamtafutia Lin chifu mwingine.

Mjomba wangu Donasiani alikuwa karani mstaafu, mwenye tumbo na sauti nzito aliyoimbia besi katika kwaya ya parokia. Nikamnunulia sokoni kitambaa chenye madoa ya chui, nikamvika kofia niliyoichomeka manyoya ya jogoo, nikamshikisha fimbo. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia kwamba kofia nyeupe ni yangu lakini mshahara wake ni wa ukoo mzima, akakubali.

Nikampandisha mjomba Kanyanda asubuhi, upande ambao wanakijiji hawapiti. Lin alileta mbuzi na katoni ya bia, akavua kofia yake, akainama. Mjomba akatupaka udongo mweupe wa pemba usoni, kisha, kwa kuwa hakujua maneno ya chifu yeyote duniani, akaimba Kilatini alichokariri alipokuwa akihudumia misa zamani. Cheka tu, mwanangu. Nasi tulicheka sana tulipofika nyumbani.

Lakini Lin hakuja kucheka. Alifungua daftari, akauliza pole pole, neno kwa neno.

"Tata Chefu, chini ya hapa kuko kintu? Kuko bantu benye banachimba?"

Mjomba akanitazama. Mimi nilikuwa sijui. Nilijua wachimbaji wako ng'ambo ya mlima, karibu na mashimo yao, lakini njia zao za chini ya ardhi zinafika wapi sikuwahi kuuliza. Nikatikisa kichwa kidogo, na mjomba akajibu kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Hakuna kintu. Bulongo iko mutupu."

Lin akaandika. Akatupiga picha mimi na mjomba, mimi nimejaa tabasamu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulijua, na nisingelikosa kulijua kama ningekaa barazani kwa Mama Kafwaya hata nusu saa. Wachimbaji wa Kanyanda walishuka shimoni miguu peku. Kabla ya kushuka, kila mmoja alipita kwa mama huyo akaacha sandali zake mlangoni. Akitoka, anapita kuzichukua. Kwa hiyo mtu yeyote wa kijiji akitaka kujua nani yuko chini, alitazama baraza. Mama mwenyewe alizihesabu kila jioni, na zikibaki alituma watu kuuliza. Hata alipokuwa safarini walizileta, kwa sababu walilizoea baraza na waliliamini.

Siku mashine ilipoanza kazi, nilipita pale asubuhi na mapema. Niliziona. Jozi tatu za sandali za plastiki, za buluu mbili na nyekundu moja, zimepangwa vizuri ukutani. Nikadhani ni za wageni wanaomngoja mama. Nikaenda zangu.

Kabla ya jua kufika utosini, mashine ilikuwa imekwishafukua kipande kikubwa cha mlima. Dereva wake alikuwa Mkongomani mwenzetu wa Likasi, hodari, anajaza lori bila kumwaga jiwe. Lin alisimama karibu na mimi akipima kwa macho. Ndipo nikaona mwanamke mzee anapanda mlima kwa haraka isiyo ya umri wake, fimbo mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili amekumbatia kitu kifuani. Nyuma yake walifuata wanawake kama kumi. Mama Kafwaya alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo, hata mzigo hajaufungua. Alikuta sandali barazani, akasikia mashine, akajua.

Hakupiga kelele. Alipita walinzi wawili wa mgodi kama vile ni vichaka, akafika chini ya mkono wa mashine, akakaa chini, miguu ameinyoosha, sandali zile mapajani. Dereva akainua mkono wa mashine juu na kuuacha hapo, lakini injini hakuizima, na ardhi ikaendelea kutetemeka.

"Muzime ile kintu," akasema. "Batoto yangu iko chini."

Lin akamkaribia, akachuchumaa mbele yake kwa heshima, akatoa ile picha.

"Mama, chefu alisha kubali. Angalia. Alisema chini hakuna bantu."

Mama Kafwaya aliitazama picha.

"Huyu muzee mi simujui," akasema. Kisha akaninyooshea mimi kidole. "Yule pale mwenye anacheka mu picha njo umuulize."

Lin akageuka. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka sana aambiwe kwamba mambo ni sawa.

"Mwepu. Huyu mama ni nani?"

Mwanangu, Mungu alinipa nafasi pale. Aliniwekea mbele yangu, wazi. Nikawatazama wale wanawake, nikaitazama mashine, nikafikiria aibu ya kuitwa mwongo mbele ya watu wote wa kazini. Nikasema:

"Ni mama muzee wa mu mugini tu, chef. Akili inamutokaka kidogo."

Nilisema hivyo. Mbele yake. Mama aliinua sandali moja moja juu ya kichwa chake ili kila mtu aione, akataja majina kwa sauti kubwa, kama padri anavyoita watoto wa komunyo.

"Hii ni ya Musumba. Hii ni ya Ngoie. Hii ni ya Kalenga, mutoto wa Mama Veronika wa Musonoi. Baliingia asubui. Habayatoka."

Injini ikaendelea kunguruma. Jibu nilikuwa nalo. Ni muda gani nilinyamaza? Nimejiuliza miaka yote hii. Labda muda wa kumenya muhogo mmoja. Si mrefu. Kisha, hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa, ardhi ikashuka. Haikupasuka kwa kishindo kama unavyoona kwenye filamu. Ilizama taratibu, kama unga unavyozama ukiutikisa kwenye gunia, na vumbi jekundu likatoka.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima! Bantu iko chini!"

Dereva akazima, akaruka chini akilia. Wakati huo wanawake walikuwa wamekwisha kukimbia kuita wachimbaji wa mashimo mengine. Walikuja na majembe, na kamba, na tochi vichwani. Wao ndio walijua njia za chini. Lin alileta mashine ya upepo kutoka kambini, wakaingiza bomba ndani ya shimo la jirani ili walio chini wapate hewa, kisha akavua koti na saa, akaingia katika msululu wa watu waliokuwa wakipitishana ndoo za udongo. Kila cheo kilisahaulika siku ile, nani bosi, nani mchimbaji, nani mwanakijiji. Mimi pia nilichota mpaka kucha zikatoka damu.

Mchana Musumba akatoka, akitapika udongo, hai. Baada yake Ngoie, mguu umevunjika, hai. Kalenga alitoka juu ya ubao. Mama Kafwaya alimfuta uso kwa kitenge chake, akamfumba macho. Kijana yule alikuwa na ndevu chache tu kidevuni.

Habari ilikuwa imefika Musonoi. Pikipiki zikaanza kupanda mlima, kila moja imebeba wanaume watatu, na baada ya muda mfupi tulikuwa mamia pale. Unajua umati unavyobadilika. Walikuja wakilia, wakatulia, kisha mmoja akasema neno, na wa pili akalirudia.

"Bachinwa banatuua!"

"Bachome mashine yabo! Na beye ndani!"

Nikaona mtu amebeba dumu la petroli. Walinzi wakakoki bunduki. Lin alikuwa amesimama peke yake kando ya mashine, udongo mpaka kwenye nyusi. Picha ilikuwa mfukoni mwake. Angeweza kuitoa, anioneshe kwa kidole, awaambie: mtu wenu huyu hapa, ndiye aliyeniletea chifu. Hakuitoa. Alinitazama mara moja tu, akashusha macho.

Hapo ndipo mtu niliyekuwa nimesimama naye bega kwa bega, simjui mpaka leo, akanitia jiwe mkononi. "Shika, ndugu," akasema, kwa upole kabisa, kama anayemkaribisha mwenzake chakula. Nilikuwa nimepakaa udongo kama wao. Hawakujua mimi ni nani. Njia ya kutoka ilikuwa wazi mbele yangu: nirushe jiwe pamoja na wengine, Mchina afe au akimbie, mashine iungue, na jina langu lisitajwe kamwe. Hata kesho yake watu wangenisifu. Na nisikufiche, mwanangu, mkono wangu uliinuka kidogo. Naona haya kuusema, lakini uliinuka.

Kilichonizuia sikijui. Si ushujaa. Nadhani nilichoka tu. Nilidondosha jiwe, nikaenda nikasimama mbele ya Lin, nikawageukia.

"Musimupige," nikasema. Hawakunisikia, ikabidi nirudie. "Musimupige! Yee aliniuliza mwenye bulongo ni nani. Mi njo nilimudanganya. Nilimupelekea mujomba yangu, nikasema njo chefu. Mama alipofika hapa, nikamudanganya tena."

Kofi la kwanza lilinipata sikio hili la kushoto, ambalo hadi leo unalazimika kunisemesha kwa nguvu. La pili lilinilaza chini. Sikujikinga. Nilisikia fimbo inagongwa kwenye chuma cha mashine, mara tatu, na watu wakaacha. Mama Kafwaya alikuwa amesimama juu yangu.

"Muache," akasema. "Kilio iko hapa, hatutafanya bilio mbili."

Kisha akasema na mimi, si kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali.

"Bazungu ya zamani habakuulizaka mutu. Balichimba tu, na tata yangu akakufwa na ile hasira. Huyu alikuya, akauliza. Njo kintu inaniuma, mwana. Aliuliza! Mara ya kwanza mutu anauliza, na mutoto wa kwetu njo anamujibu hivi."

Nilijifunika uso. Nikamsikia Lin anakaribia. Alizungumza taratibu, akitafuta maneno, na watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Mama, mi pia. Ile nguo ya chefu, haikukuwa ngozi ya nyama. Ni kitambaa, kwetu banatengeneza, bibi yangu iko nayo mu nyumba. Niliona siku ile ile. Nikanyamaza, ju bakubwa yangu balitaka kazi ianze. Jibu ya Mwepu ilinipendeza."

Hakuna aliyemshangilia kwa kusema hivyo, na hakustahili kushangiliwa. Lakini dumu la petroli likawekwa chini. Walinzi wakateremsha bunduki. Watu wakamgeukia marehemu, ambaye tulikuwa tumeanza kumsahau kwa ajili ya hasira.

Jioni Musumba alipita barazani akachukua sandali zake, na za Ngoie akampelekea hospitalini. Ikabaki jozi moja, nyekundu. Mama Kafwaya alizifunga kwa kipande cha kitambaa, akanipa.

"Peleka Musonoi," akasema. "Utembee na miguu."

Nilitembea. Mama Veronika alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mwanawe amefariki, nyumba imejaa wanawake wanaolia. Waliponiona na zile sandali wakapisha njia. Alizipokea, akazishika magotini. Alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mwenye alama ya kuungua mkononi, kutokana na maandazi aliyokuwa akiuza.

"Wee ni rafiki yake?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko zote.

"Hapana, Mama. Mi njo nilisema chini hakuna bantu."

Nilingoja anitemee mate, nilingoja kaka za marehemu wasimame. Akasema, "Ikala," na akaelekeza mkekani, mahali wanapokaa ndugu. Nikakaa. Mtu akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nilikaa mpaka mwisho wa kilio, siku zote, nikikata kuni na kubeba maji, na hakunisemesha tena. Sijui kama alinisamehe. Alifariki miaka michache baadaye, na sikuthubutu kumuuliza.

Kazi nilifukuzwa, bila shaka. Lin aliondolewa, nikasikia amepelekwa Zambia. Kampuni ililipa mazishi, na baadaye ilichimba mahali ambapo Mama Kafwaya mwenyewe alipaonyesha kwa fimbo, hatua kwa hatua. Alipaonyesha kwa asubuhi moja tu. Asubuhi moja, mwanangu! Hiyo ndiyo haraka tuliyokuwa nayo. Mjomba Donasiani aliacha kwaya, na akiulizwa husema kifua kinamsumbua.

Sasa nisikilize, maana chai imekwisha na wewe una safari. Utakutana na watu wa aina mbili. Wapo watakaokuambia kwamba kila baya la Lualaba limeletwa na Mchina, na wapo watakaokuambia kwamba bila Mchina tungekula majani. Wote wawili hawataki kufikiri. Ukipita barabara ya Fungurume ukayaona yale malori yamepangana hadi macho yanachoka, ukasikia redioni wakubwa wanabishana juu ya mikataba, usiishie kuuliza Mchina amechukua nini. Uliza pia alipofika alimuuliza nani, na sisi tulimpelekea nani. Mimi kila nikisikia mkataba umesainiwa kwa niaba ya watu wa hapa, najiuliza ni mjomba wa nani huyo aliyevikwa madoa. Na usimsafishe Mchina pia. Anayetaka jibu la haraka hulipata, na mara nyingi anajua amepewa nini. Lin alijua. Tulidanganyana tukiwa tunaelewana vizuri kabisa, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa chini ya ardhi.

Kwa hiyo bosi wako akikuuliza mwenye mahali ni nani, mpeleke kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mzee, hana viatu, na yuko safarini. Kama hajarudi, sema hajarudi. Kama hujui, sema hujui. Utaonekana mjinga siku moja, na utaishi. Usiwaonee aibu watu wako mbele ya wageni, maana aibu hiyo ndiyo iliyoniponza kuliko tamaa ya kofia. Na ukiteleza, kwa sababu utateleza, wewe si malaika, usingoje ardhi ishuke ndipo ufungue mdomo. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa wa kijinga. Ule wa pili, nilioutamka huku mama ananitazama, huo ndio uliomuua Kalenga, au labda haukumuua, sitajua kamwe, na hiyo ndiyo adhabu yangu.

Basi inuka, mwanangu, nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe kinywa kinachosema lililopo, kwa Kichina na kwa Kiswahili sawasawa. Akupe mabosi wenye subira, na asipokupa, akupe wewe moyo wa kuwachelewesha. Akulinde na jibu la kupendeza. Na kila mama mwenye mtoto kazini, awe wa Musonoi au wa huko China, amwone mwanawe akirudi mzima. Amina. Nenda na amani.